VYAELEA, VIMEUNDWA

Wazee wa pwani walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii kila mtoto wa shule anaijua, na mara nyingi hutumiwa kwa mambo yasiyohusu bahari hata kidogo. Leo twaitaka kwa maana yake ya asili, yaani maana ya chombo, chuma, misumari na mikono ya mafundi. Watu wengi husoma habari za Vita Kuu ya Pili, ile ya mwaka 1939 hadi 1945, kana kwamba ilipiganwa na mawaziri wakuu na majemadari peke yao. Husoma juu ya manowari kubwa zenye mizinga ya kutisha, na juu ya maadmeri waliosimama juu yake wakiwa na darubini. Katika safu hii twapenda kusema juu ya meli ndogo, isiyopendeza kwa sura, iliyokwenda polepole, na ambayo asili yake ni meli ya kuvulia nyangumi. Waingereza waliiita korveti, na kila moja wakaipa jina la ua. Palikuwa na Gladiolus, na Sunflower, na Snowflake, na nyingine ikaitwa Pink tu. Yaelekea adui hakuogopa majina hayo, lakini kwa meli zenyewe alikuja kuwa na habari nyingine.

Sharti kwanza tueleze shida iliyozaa meli hizi. Uingereza ni kisiwa. Ngano yake, nyama yake, mafuta ya magari na ndege zake, na madini ya viwanda vyake, vyote vilipita baharini. Katika vita vya 1914 hadi 1918 nyambizi za Wajerumani zilikaribia kuifunga njia hiyo, na dawa iliyopatikana wakati ule ilikuwa kuzikusanya meli za biashara katika misafara yenye walinzi. Lakini mwaka 1939 walinzi walikuwa wapi? Destroya ni meli ya mbio na ya gharama nyingi. Mitambo yake yataka mafundi wa aina ya peke yake, na viwanda vilivyoweza kuiunda vilikuwa vichache, tena vilikuwa vimejaa kazi. Wakuu wa manowari za Uingereza walijua kwamba hata wakiwa na fedha hawakuwa na wakati.

Ndipo akatokea William Reed, mchora ramani za meli wa kiwanda cha Smith's Dock, karibu na Middlesbrough. Kiwanda hicho kilikuwa na ujuzi wa kuunda meli za kukimbiza nyangumi, na mwaka 1936 kilikuwa kimeunda moja iitwayo Southern Pride. Reed aliona jambo ambalo lilikuwa wazi kwake, ingawa pengine halikuwa wazi kwa waliozoea manowari: meli ya kumwinda nyangumi huwinda kitu kikubwa kinachozama na kuibuka. Lazima igeuke upesi, ivumilie bahari chafu, na ikae mbali na nyumbani siku nyingi. Basi wakaichukua ramani ile, wakairefusha, wakaitia mzinga na mapipa ya baruti. Julai 1939, kabla vita havijatangazwa, agizo la kwanza likatolewa.

Vipimo vyake ndivyo hivi. Urefu futi 205, upana futi 33, uzito tani 900 na ushei. Ilikuwa na rafadha moja tu, na injini moja ya mvuke ya mtindo wa zamani, ile ambayo mvuke hupanuka mara tatu kutoka silinda hadi silinda kabla ya kutoka. Mwendo wake haukuzidi maili za bahari 16 kwa saa. Mbele iliwekwa bunduki kubwa moja ya inchi nne, ya namna iliyotumika katika vita vilivyotangulia, na nyuma mapipa 40 ya baruti ya kutupwa majini ili yalipuke chini kwenye nyambizi. Chini ya meli kilitiwa chombo cha kusikilizia, kinachotuma mlio majini na kupokea mwangwi wake.

Mtaalamu wa manowari angeisoma orodha hiyo akatikisa kichwa. Lakini hapo ndipo ilipokuwa akili ya jambo lenyewe. Injini ile ya zamani ilijulikana na kila fundi aliyepata kufanya kazi katika meli ya biashara. Viwanda vidogo ambavyo havijapata kuunda manowari hata moja viliweza kuiunda korveti, kwa kuwa ilifuata desturi za meli za kawaida. Gladiolus, ya kwanza kabisa, mkuku wake uliwekwa Oktoba 1939, na Aprili 1940 ikaingia kazini. Hiyo ni miezi sita. Kiwanda cha Harland and Wolff mjini Belfast peke yake kiliunda zaidi ya 30. Ng'ambo ya Atlantiki, Canada ilianza vita ikiwa na destroya sita tu. Ikaanza kuunda korveti katika viwanda vya pwani zake zote mbili, na hata ndani ya bara, kando ya Mto Saint Lawrence na Maziwa Makuu, mahali ambapo maji ya chumvi hayafiki. Wakanada hawakufuata majina ya maua. Waliziita kwa majina ya miji yao, na watu wa mji wakaiona meli ile kuwa mtoto wao, wakawa wakiwapelekea mabaharia wake fulana na soksi za kufuma. Jumla yake zilizoundwa zilipita 260. Twapenda wale wanaopanga mipango ya nchi waifikirie hesabu hii: serikali iliyongoja destroya nzuri ingezipata chache, na ingezipata baada ya kufa njaa.

Hata hivyo hatutaki kuisifu korveti kupita kiasi, kama wafanyavyo waandishi wengine wa vitabu vya vita, maana urahisi ule ulikuwa na bei, na bei hiyo haikulipwa na walioweka sahihi. Meli ilikuwa imechorwa kwa ajili ya maji ya karibu na pwani. Juni 1940 Ufaransa ilianguka, na nyambizi zikapata bandari kwenye ufuko wa Atlantiki wenyewe. Kwa ghafla misafara ikahitaji ulinzi mbali baharini, na hapakuwa na meli nyingine ya kutuma ila hii. Chombo cha pwani kikapelekwa katika bahari iliyo mbaya kuliko karibu zote duniani, wakati wa baridi, majuma mawili na zaidi bila kuona nchi kavu.

Chombo hakikuzama. Mafundi wa Reed walifanya kazi njema, na korveti ilikuwa ngumu kuzamishwa na bahari peke yake. Lakini ilikuwa fupi, basi ilipanda kila wimbi na kushuka kila wimbi, na ililala ubavu huu na ubavu ule bila kupumzika. Mabaharia walikuwa wakisema kwamba ingeweza kuyumba hata juu ya majani yenye umande. Vyumba vya mabaharia vilikuwa mbele kwenye omo, ambako kurushwa kulikuwa kukubwa zaidi, na jiko likawekwa nyuma. Kati ya jiko na chumba cha kulia palikuwa na sitaha ya chini iliyo wazi, ambayo mawimbi yaliifagia. Mtu alitumwa kuchukua chakula cha wenzake, akavuka pale akiwa ameshika sufuria kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono mwingine. Alipofika, chakula kilikuwa baridi na nusu yake maji ya chumvi, kama kilifika. Nguo zilikuwa mbichi tangu siku ya kuondoka hadi siku ya kurudi. Tena, kila kifaa kipya kilipoongezwa walihitajika watu wa kukitumia, na meli iliyopangiwa kubeba watu wachache ikabeba 85, kisha 100, mahali palepale.

Kosa lile la jiko na sitaha lilijulikana mapema. Dawa yake ilikuwa kuirefusha sehemu ya juu ya omo hadi kupita katikati ya meli, ili watu wapite chini ya paa na mawimbi yavunjikie mbali. Ilifanyika, na meli zilizofanyiwa hivyo zikawa bora mno. Lakini zilifanyiwa moja moja, zilipopata nafasi kiwandani, na za Canada ndizo zilizongoja kuliko nyingine. Baadhi ya korveti za kwanza kutoka Canada zilivuka Atlantiki zikiwa na mizinga ya mbao, kwa kuwa mizinga yenyewe ilikuwa bado haijapatikana. Nyingi ziliendelea muda mrefu na dira ya sumaku ya kawaida, ambayo hutikisika meli inapotikisika na mapipa yanapolipuka, hali wenzao wa Kiingereza walikuwa na dira bora ya gurudumu. Mtu awezaje kufuata mwangwi wa nyambizi kwa uhakika ikiwa dira yake inacheza? Kisha wakubwa wa London wakanung'unika kwamba Wakanada hawana ujuzi. Mfanyakazi ye yote aliyepewa chombo kibovu, halafu akalaumiwa kwa kazi mbovu, atayaelewa manung'uniko hayo bila kufafanuliwa.

Msafara uitwao SC 42 wa Septemba 1941 waonyesha hali ilivyokuwa. Meli za biashara zaidi ya 60 zilisafiri zikilindwa na destroya moja na korveti tatu, zote za Canada. Kundi la nyambizi likawakuta karibu na Greenland. Nyambizi haikuhitaji kujificha usiku. Iliibuka, ikaenda juu ya maji kwa injini zake za dizeli, na hapo mwendo wake ulikuwa maili 17 kwa saa, yaani ilimzidi mlinzi wake mbio. Tena chombo cha kusikilizia hakina faida kubwa kwa kitu kilicho juu ya maji. Meli 16 zilizamishwa. Korveti mbili nyingine, Chambly na Moose Jaw, zilizokuwa mazoezini, zilikimbilia huko na usiku wa tarehe 10 Septemba zikaizamisha nyambizi U-501. Ilikuwa ya kwanza kwa Wakanada. Nahodha wa nyambizi ile aliruka akatua juu ya sitaha ya Moose Jaw kabla ya mabaharia wake mwenyewe, jambo ambalo halikusahauliwa na waliomwona.

Mabadiliko yalikuja kwa njia tatu, nasi twataka kuzitaja zote, kwani mara nyingi husifiwa moja tu. Ya kwanza ni rada ndogo iliyoweza kuiona nyambizi iliyoibuka gizani. Ya pili ni silaha mpya iliyotupa mabomu 24 mbele ya meli kwa pamoja. Zamani meli ililazimika kupita juu ya nyambizi ndipo iangushe mapipa nyuma yake; na katika dakika ile ya mwisho mwangwi ulipotea, nahodha wa nyambizi akapata nafasi ya kugeuka. Silaha hii iliwawezesha kupiga huku wakisikia bado, na bomu lililokosa halikulipuka kuharibu masikio. Ya tatu ni mafunzo. Kule Tobermory, katika visiwa vya Scotland, mzee mmoja, Gilbert Stephenson, aliyekuwa admeri mstaafu, alipokea kila meli mpya pamoja na watu wake, ambao wengi walikuwa makarani, walimu, wauza duka na wavuvi miezi michache tu nyuma, akawasumbua mchana na usiku kwa muda wa siku chache hadi wakawa mabaharia. Alikuwa mkali na wengi hawakumpenda, lakini walirudi wakiwa hai.

Matunda yakaonekana. Tarehe 11 Machi 1943 korveti Aconit, iliyokuwa mikononi mwa Wafaransa waliokataa kusalimu amri, ilimaliza nyambizi mbili kwa siku moja. Mwanzoni mwa Mei mwaka ule, katika msafara ONS 5, korveti Sunflower, Snowflake, Loosestrife na Pink zilikuwa miongoni mwa walinzi waliopambana na kundi kubwa la nyambizi katika dhoruba na ukungu. Meli 13 za biashara zilipotea, lakini na nyambizi sita zilipotea, na hesabu ya namna hiyo adui hakuiweza. Katika mwezi huo mmoja Wajerumani walipoteza nyambizi zaidi ya 40, na tarehe 24 Mei mkuu wao Dönitz akaamuru zilizobaki ziondoke Atlantiki ya kaskazini. Kwa vita vizima korveti za maua zilishiriki katika kuzamisha nyambizi 47 za Kijerumani na nne za Kiitalia. Zenyewe zilizopotea ni 36, na 22 kati yake zilipigwa na nyambizi. Gladiolus, ile ya kwanza, ilipotea Oktoba 1941 pamoja na watu wake wote.

Lakini korveti ililinda nini? Ililinda meli za biashara, na ndani ya meli za biashara walikuwamo wafanyakazi wasiovaa sare. Hapa hatuna budi kusema neno ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Hadi mwaka 1941 baharia wa meli ya biashara ya Uingereza alikatwa mshahara tangu siku meli yake ilipozama. Alikuwa ndani ya mashua, akitetemeka kwa baridi, naye tayari hana kazi. Mei 1941 ndipo sheria ilipobadilishwa. Mabaharia wa Kihindi, waliokuwa makumi ya maelfu na bila wao meli hazingekwenda, walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzao Mwingereza kwa kazi ile ile na hatari ile ile. Walipogoma mwishoni mwa mwaka 1939 wakidai nyongeza, mamia yao walitiwa gerezani. Wengine wakapata nyongeza kidogo, maana ngano ilikuwa yangoja. Mabaharia karibu 30,000 wa meli za biashara za Uingereza walikufa katika vita vile. Twajua majina ya maua yaliyowalinda kuliko twavyojua majina yao.

Tena vita hivi havikukaa Atlantiki tu. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuingia katika Bahari ya Hindi, manowari za Uingereza za Mashariki zilihamia Kilindini, Mombasa. Mwezi wa Mei mwaka huo Waingereza waliishambulia bandari ya Diego Suarez huko Bukini, na kati ya meli zao zilikuwamo korveti nane: Freesia, Auricula, Nigella, Fritillary, Genista, Cyclamen, Thyme na Jasmine. Auricula iligonga bomu lililotegwa baharini tarehe 5, ikazama kesho yake. Baadaye mwaka ule ule brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki nayo ikaingia kupigana Bukini.

Kisha likaja jambo ambalo kila nyumba ya Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi yafaa ilijue. Tarehe 5 Februari 1944 meli ya askari iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo, ikiwa katika msafara wa meli tano. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa maofisa na askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika ya Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi wa kike na wanawake wa jeshi. Siku ya Jumamosi, tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walinzi saa ile walikuwa kruza moja kuukuu, Hawkins, na destroya mbili, Petard na Paladin. Nyambizi ikajificha chini ya mahali pale pale ambapo waliookoka walikuwa wakielea, na nahodha wa Petard akaamua kutupa mapipa ya baruti ingawa watu walikuwa majini. I-27 ilizamishwa mwishowe. Watu 1,297 walikufa. Waliookolewa ni 214.

Hatudai kwamba korveti moja au mbili zaidi zingaliwaokoa vijana wale. Hakuna awezaye kulisema hilo kwa haki. Twasema tu kwamba meli za ulinzi ziligawanywa kwa kipimo, na kwamba katika kipimo hicho Atlantiki ilitangulia, na Bahari ya Hindi ikapata kilichobaki. Waliopanga walikuwa na sababu zao. Waliopandishwa melini Kilindini hawakuulizwa.

Baada ya vita korveti nyingi ziliuzwa kama vyuma chakavu. Nne za Waingereza, na mbili kati yake ni zile Genista na Thyme zilizokuwa Bukini, zilipakwa rangi mpya na kukaa katikati ya Atlantiki zikipima upepo na mvua kwa faida ya ndege za abiria. Sudbury ya Canada ikawa meli ya kukokota, na mwishoni mwa 1955 ikaenda kuikokota meli ya Kigiriki Makedonia iliyoharibika katikati ya Pasifiki. Nyingine zilinunuliwa na tajiri Onassis, akazirudisha kwenye kazi ya nyangumi, kazi ya mama yao. Iliyobaki hata leo ni moja tu, Sackville, iliyoingia kazini Desemba 1941. Tangu 1985 ni ukumbusho wa mabaharia wa Canada, nayo imetengenezwa iwe kama ilivyokuwa mwaka 1944. Bandari yake ni Halifax. Wakanada walifanya vema kuihifadhi.

Sisi hatuna meli ya kuhifadhi, wala hatuihitaji. Lakini hati za kikosi cha 301 zipo, orodha za waliokufa zipo, na bila shaka ziko barua na picha ndani ya masanduku ya wajukuu, kutoka Nyanza hadi Songea. Twapendekeza kwamba makumbusho ya Fort Jesus yatenge chumba kimoja kwa ajili yake, na kwamba vyama vya wafanyakazi wa bandari na vya mabaharia mjini Mombasa viichukue kazi ya kuyakusanya majina, kabila kwa kabila na kijiji kwa kijiji, kabla masanduku hayo hayajaliwa na mchwa. Kazi hiyo ingeweza kuanza tarehe 12 Februari ijayo, pale pale Kilindini, na haitaki fedha nyingi.